Saa ya Kufunga Maktaba

"Na kikundi chenu kina uzoefu gani wa kuendesha maktaba?" mwenyekiti wa halmashauri aliniuliza, huku akitupia jicho saa yake. Halmashauri ilikuwa imeshindwa kuiendesha, na kampuni moja kubwa nayo iliitaka.

Nilipapasa meza; kikao kilikuwa humo humo maktabani. Sisi ni mafundi cherehani na wauza mboga. Uzoefu wetu ni kwamba tulikulia humu, chini ya jicho la marehemu mama yangu, mkutubi.

Mama hakuwa na kengele. Saa ya kufunga ikifika, aligonga meza kwa pete yake, taratibu, na kila mtoto alisimama akakirudisha kiti chake mezani. Ole wake aliyekiburuta!

Siku hizi pete hiyo naivaa mimi. Jua lilipofika dirisha la mwisho, kama enzi zile, mkono wangu ukagonga wenyewe.

Ko. Ko. Ko.

Wenzangu wote wakasimama.

"Umetumaliza, dada," fundi cherehani alininong'oneza, kiti mkononi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikainua macho kuomba radhi, nikamkuta mwenyekiti naye amesimama, amekiinua kiti chake kidogo, kisikwaruze sakafu.