Vigae vya Kushoto

Wiki sita baada ya kupigwa na kiharusi, Makame alikaa mbele ya televisheni akicheza gemu la zamani la binti yake, lile la vigae vya Kichina. Unatafuta vigae viwili vinavyofanana, unavitoa, mpaka rundo liishe. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepata nguvu tena, na mguu pia. Kesho alitaka kurudi kuendesha lori.

"Limekwama tena," alisema. "Jozi hakuna."

Riziki, mkewe, aliacha kukunja nguo akatazama. Upande wa kulia vilibaki vigae vichache. Upande wa kushoto vilikuwapo vyote, hakikuguswa hata kimoja.

"Na vile viwili vya maua?"

"Maua yapi? Mama Asia, hata rimoti hujui kuishika, leo unanifundisha gemu?"

"Hapo kushoto, baba Asia."

Makame alitazama. Macho yake yalifika katikati ya kioo, yakarudi kulia.

"Acha utani wako," alisema, akacheka. "Hapo hapana kitu. Hebu nipe funguo, nikapashe injini moto kidogo."

Riziki aliweka nguo kando. Alizitoa funguo kabatini, akaziweka mezani taratibu, zisilie, shibiri moja tu kutoka mkono wa kushoto wa Makame.

"Hizo hapo mbele yako," alisema.

Makame akaanza kupapasa meza, kuanzia kulia. Mkono ukafika katikati ya meza, ukarudi kulia.