Beseni la Mtoto

Kwa wiki tatu mama alimwachia wifi yake kazi ya kumwogesha mtoto, maana kila alipoinama juu ya beseni wazo lilimjia: mzamishe. Akawa haiamini tena mikono yake mwenyewe.

Jana alimweleza nesi, akilia. Nesi hakushtuka. "Linakuja lenyewe, hujaliita. Huna haja ya kulitii wala kulikimbia."

Asubuhi hii alikunja mikono ya gauni. "Wifi, leo niachie."

"Una hakika?"

"Sina. Niachie hivyo hivyo."

Akapima maji kwa kiwiko. Wazo likaja, kama kawaida yake.

"Nimekusikia," akaliambia. "Kaa hapo utazame."

Akamshika mwanawe barabara chini ya kwapa, akaanza kumwosha mikunjo ya shingo.