Mawe ya Nyani Kwenye Foleni

Wagonjwa walipozidi katika hospitali ya wanyama, walianza kupanga foleni kwa mawe. Unaweka jiwe lako alfajiri, unakwenda zako, unarudi zamu ikikaribia. Nyani, aliyependa kuwahi kila kitu, aliweka mawe ishirini, ingawa hakuumwa hata ukucha.

Asubuhi akaja Kanga na kifaranga wake aliyekuwa akichemka kwa homa. Mbele yake alikuwa Kiboko mwenye jino bovu, na mbele ya Kiboko, mawe.

"Pita, mama," Kiboko akasema. "Jino langu limezoea kuuma. Lakini hayo mawe ni ya Nyani, hataki yaguswe."

Muuguzi Bata akatoka, akaweka kipimajoto juu ya jiwe la kwanza.

"Maskini! Amepoa, wala hapumui. Sindano kumi!" Akaligonga la pili. "Huyu amevimba mwili mzima. Kumi tena!"

Foleni ikaangua kicheko. Nyani akashuka mtini mbio. "Dada, acha! Hayo mawe ni mimi!"

"Yote ishirini? Basi geuka, kaka yangu. Ni sindano mia mbili."

Nyani akaruka ukuta bila kuaga. Kanga akaingia, na kufikia adhuhuri kifaranga alikuwa akidonoa vifungo vya Bata.

Wagonjwa hawakupungua siku ile, wala kesho yake. Ila mawe matatu ya Nyani yaligeuzwa mafiga, na Kiboko, jino likiwa limeshang'olewa, huwakorogea uji wanaosubiri.