Picha ya Saba

Kwii.

Bawaba ya mlango ililia polepole, kama mtu anayebana kikohozi. Mpiga picha alifumbua jicho moja. Nje bado giza. Mlango wa chumba chake ulikuwa ukirudishwa, taratibu, na mtu aliyekuwa akitoka.

Jana alfajiri alijiambia ni ndoto. Leo je?

Alikuwa ameizoea dunia. Miaka minne alikuwa akizunguka mji hadi mji, akipiga picha za mikono ya watu kazini: ya fundi viatu, ya mshona magodoro, ya mama anayesugua masufuria. Amelala vyumba vya kila aina. Lakini hajawahi kupokelewa kwa wema kama wa nyumba hii, ndiyo maana aliionea haya hofu yake.

Bibi mwenye nyumba aliishi peke yake. Siku ya kwanza tu alimpashia maji ya kuoga, akamshonea mkanda wa mkoba uliokuwa ukichanika, kisha akang'ang'ania kitanda kisogezwe mbali na dirisha. "Baridi ya huku haina adabu," alisema, na wakakisukuma wote wawili, bibi akihema na kucheka.

Asubuhi hiyo bibi alimimina chai. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umelala, binti?"

"Nimelala, bibi. Wewe?"

"Mimi? Usingizi wangu marehemu babu yako aliondoka nao." Alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Hiyo mashine yako, ni ghali?"

"Kiasi."

"Usiitembeze shingoni kama mkufu. Mtaa mzima umeshaiona."

Mpiga picha alikikumbatia kikombe kwa mikono miwili. Kikulacho ki nguoni mwako. Nyuma ya bibi, kwenye kona, palikuwa na mchi umeegemezwa ukutani. Kinu chake alikiona uani siku aliyofika. Kilikuwa kimepandwa maua.

"Mlango wangu haufungi, bibi."

"Najua. Na komeo la dirisha nalo limekatika. Nyumba imezeeka pamoja na mwenyewe. Wewe lala tu, usiogope."

Nani aliyetaja kuogopa?

Jioni, kabla ya kulala, aliiweka kamera juu ya kigoda karibu na mto wake, ikitazama mlango na dirisha. Giza linataka uvumilivu. Aliipanga ikae wazi nusu dakika nzima kwa kila picha, na ijipige yenyewe kila baada ya dakika kumi. Kitaa chake chekundu alikiziba kwa plasta. Akajilaza na viatu miguuni, akiapa kukesha. Usingizi haukumwuliza.

Kwii. Alfajiri tena.

Alijifunika gubigubi, akazipitia picha kwenye kioo kidogo cha kamera. Ya kwanza hadi ya sita: ukuta, mlango, giza. Ya saba: mtu. Amesimama hatua mbili kutoka kitandani, mchi mkononi, uso giza tupu. Ya nane, vilevile. Ya tisa. Ya ishirini.

Anayeijua kamera anajua: ukiiacha wazi nusu dakika, anayetikisika hutoka kama moshi. Huyu alitoka kama nguzo. Picha baada ya picha, hajainua hata unyayo. Alikuwa akingoja nini?

Akafunga mkoba. Bibi alikuwa jikoni, mchi kando yake.

"Mbona mapema? Si ulisema kesho?"

"Gari, bibi... wamebadilisha saa."

Bibi alimfungia mayai mawili ya kuchemsha kwenye karatasi, na chumvi kidogo kwenye kikaratasi chake peke yake. "Nilitamani tukae siku moja zaidi," alisema kwa sauti ndogo. Mpiga picha aliyapokea bila kumtazama. Alipofika kituoni akayatupa kwenye pipa la taka. Nani ajuaye yametiwa nini?

Aliketi kwenye benchi katikati ya watu, akafungua kompyuta yake. Polisi wangetaka kuona uso. Bahati nzuri yeye hupiga picha mbichi, zile nzito ambazo kamera haijazipunguza chochote, zinazotunza hata kile ambacho giza limekificha. Aliifungua ya saba, akaanza kuiongezea mwanga, kidogo kidogo, kama mtu anayepandisha utambi wa taa. Ukuta ukajitokeza. Gauni likajitokeza. Kisha mkono uliokunjamana, umeukaza mchi. Akajikaza naye, akaongeza tena, tayari kukutana na macho ya bibi.

Hakukuwa na macho. Kulikuwa na kisogo, na mvi zilizofungwa kifundo.

Simu ikaita. Bibi. Aliipokea, huku kidole cha mkono wa pili kikiendelea kuongeza mwanga, hadi ukafika dirishani: vidole vinne vimeshika kizingiti, na juu yake uso wa mwanamume.

"Umepata gari, mwanangu?" bibi aliuliza. "Uje tena kunitembelea. Safari ijayo dirisha litakuwa na nondo, tutalala sote wawili."