Ya Jumanne

Muziki wa kungojeshea kwenye simu ya waya ulirudi mwanzo kwa mara ya saba, na Delyth Prosser akajua kwamba sasa angeweza kuupiga kwa mluzi hata usingizini. Usingizi wenyewe ndio hakuwa nao. Alikuwa amepiga deki wodi tatu za hospitali tangu saa kumi alfajiri, miguu imevimba kama mikate, na koti bado hajalivua.

"Kata hiyo simu, mwanamke," alisema Beryl, jirani yake, akijimiminia chai ya tatu kutoka buli lisilo lake. "Nani katika bonde letu la Rhondda amewahi kuipigia serikali kuiambia inamlipa kupita kiasi? Watakuweka kwenye jumba la makumbusho."

"Wataniweka jela."

"Huko nako wanapika."

Delyth hakucheka. Mezani palikuwa na kopo la vikeki vya zabibu, vimepangwa juu ya karatasi, na chini ya karatasi noti tano za pauni ishirini. Kopo lilikuwa la kwenda mji wa Leeds kwa mwanawe wa pekee, Iestyn, aliyeanza uhandisi Septemba, mtu wa kwanza katika ukoo mzima kuingia chuo kikuu kama mwanafunzi. Delyth mwenyewe aliwahi kuingia kimoja, na ndoo.

Kosa lenyewe lilianza Julai. Ilikuja barua ya serikali kuuliza kama mtoto anaendelea na shule. Akiendelea, posho ya mtoto inaendelea. Akienda chuo kikuu, inakoma. Delyth akafanya kama marehemu mama yake alivyofanya na kila barua ya serikali: akaisokomeza nyuma ya saa iliyo juu ya meko. Barua iliyo nyuma ya saa haijafika. Bonde zima linaijua sheria hiyo, isipokuwa serikali.

Na posho ikaendelea. Mwisho wa Septemba, Oktoba, na sasa Novemba: kila Jumanne ya nne, pauni mia moja na mbili na peni arobaini, ileile, haijapungua wala kuzidi. Delyth hakuwa na habari na mambo ya benki ya kwenye simu. Aliuliza salio tu pale kaunta ya posta, akachukua noti tano, akazitia koponi. Pesa ya mtoto ikimfikia mtoto si wizi, alijiambia. Mchana hoja hiyo ilisimama wima. Akishalala, ilianguka.

Iestyn naye hakumsaidia. Tangu ana miaka kumi ndiye aliyemsomea mama yake barua zote na kumjazia fomu zote, lakini kwa hili alikuwa na wimbo mmoja kila walipozungumza.

"Mama, ya Jumanne imeingia?"

"Imeingia."

"Basi nyamaza. Usiwasumbue watu wa ofisini, wana kazi zao."

Mwanzoni mwa Novemba alikuja nyumbani kwa siku mbili, amekonda kama ufito, vidole vimebabuka kwa maji ya moto. Kumbe kila Ijumaa na Jumamosi alikuwa anaosha vyombo mkahawani.

"Umeenda kusomea uhandisi au masufuria?" Delyth alimuuliza.

"Mazoezi tu, Mama."

"Na hela ninazokuwekea koponi? Unazila pamoja na karatasi?"

"Hela zina miguu, Mama. Leo hapa, kesho kule." Akatia kikeki kizima mdomoni, na mazungumzo yakaishia hapo.

Hilo ndilo lililomkwama Delyth kooni. Akisema ukweli, posho itakatwa na ya nyuma atadaiwa. Na mtoto anayekonda hivi akiwa na posho, bila posho atakuwaje? Ataacha chuo, arudi bondeni, naye apewe ndoo yake. Asiposema, siku moja watabisha hodi. Lakini mwili ukichoka sana, hata woga huchoka. Asubuhi hiyo, salio lilipopanda tena, aliona heri apigwe mara moja kuliko kukaa akingojea fimbo.

Muziki ukakatika.

"Samahani kwa kukungojesha, mpenzi," ilisema sauti ya mwanamke. "Nikusaidie nini?"

Delyth alimwaga yote bila kuvuta pumzi: barua, saa, miezi mitatu, noti tano tano. "Kateni, ni haki yenu," alimalizia. "Ila nipeni nafasi nilipe kidogo kidogo. Na mwanangu msimguse. Yeye hajui lolote."

Beryl aliweka kikombe chini. Upande wa pili vidole vilisikika vikibonyeza kompyuta, vikatulia, vikabonyeza tena.

"Bi Prosser, barua isipojibiwa, posho husimama yenyewe. Yako ilisimama mwisho wa Agosti."

"Haikusimama, dada. Ya leo nimeishika mkononi."

"Labda umeishika, mpenzi, lakini haikutoka kwetu. Tangu ilipokatwa hatujakutumia hata peni."

Simu ya mkononi ya Delyth ikalia mezani, kando ya kopo. Beryl, ambaye hajawahi kuacha ujumbe wa mtu mwingine upoe, akaichukua akasoma kwa sauti.

"Ni mwanao huyo. Anasema, 'Mama, ya Jumanne imeingia? Kama bado, niambie mimi. Wale usiwapigie.'"