Sentensi Moja ya Mama

"Na wewe, Mjomba, lugha hii unajifunza kwa nini?" mhadhiri aliuliza.

Darasa zima likageuka. Wanafunzi wengine walikuwa wameshajibu: huyu anatafuta ufadhili, yule anataka kusafiri, mwingine amelazimishwa na ratiba. Mjomba, fundi majokofu mwenye mvi, mkubwa kuliko hata mhadhiri, akakuna kidevu.

"Kuna mwanamke nataka kumwelewa."

Vicheko vikalipuka, meza zikapigwa. Naye akacheka, maana darasa lile alilipenda kupita kiasi. Hata karakanani alirudiarudia vitenzi huku kichwa kimezama ndani ya jokofu, wateja wakidhani fundi wao ameanza kurukwa na akili.

Mwanamke mwenyewe alikuwa mama yake. Aliolewa kutoka nchi ya mbali, akajifunza lugha ya mumewe, ya kwao akaiweka kando. Wanawe waliisikia pale alipojikwaa tu. Kisha kiharusi kikampiga, kikafuta kila kitu isipokuwa ile lugha ya utotoni. Na kila jioni, Mjomba alipoketi kando ya kitanda, mama alimkodolea macho na kutamka sentensi ileile, ulimi mzito, machozi yakimtiririka. Walimletea maji, wakamgeuza ubavu, wakafungua dirisha. Wapi! Sentensi ikarudi palepale. Hakuna kinachochosha moyo kama kuombwa na mama kitu usichokijua.

"Si umrekodi tu, nikutafsirie?" mhadhiri alimwambia siku alipopata habari.

"Hapana, mwalimu. Mama yangu nitamsikia kwa masikio yangu."

Muhula ulipokuwa ukingoni, jioni moja aliingia chumbani amevaa shati lililopigwa pasi. Dada yake mdogo alikuwa akimlisha mama supu. Mjomba akaketi, akamshika mama mkono, akamsalimia kwa lugha ya kwao, salamu ndefu aliyoifanyia mazoezi wiki nzima.

Mama alishtuka. Akamtazama, akamgeukia binti yake, akaitoa ile sentensi polepole. Safari hii maneno yaliachana, moja baada ya jingine. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka, umeelewa?" Kijiko kilibaki hewani. "Anasema nini?"

"Anasema ahsante. Kwa yote."

"Jamani, mama yangu!" Dada akaangua kilio cha furaha, akamkumbatia mgonjwa, supu ikamwagika shukani.

Mjomba akauachia ule mkono taratibu. Akachukua kofia yake, akatoka, akafunga mlango, akasimama ukumbini, kwani ndilo alilokuwa akiombwa jioni zote hizo: "Mtoeni huyu mzee nisiyemjua, mwanangu apate kuingia."