Joto la Watu

Matumbawe hayakuweza tena kuishi baharini, kwa hiyo kila nyumba ya Tanga ilipewa kipande ikilee. Tangu tangi liwekwe sebuleni kwake, Mwanakombo hakujua raha. Umeme ulikuwa wa tangi kwanza. Feni ilizunguka maji yakishapoa. Na bado matumbawe yalikuwa yakigeuka meupe.

"Nifanye nini zaidi?" alimfokea mkaguzi. "Chumvi napima, maji nabadilisha, hata chapati nakwenda kupikia kwa jirani!"

Mkaguzi, binti mpole, aligusa kioo, kisha akawatazama waliokuwa wameketi. "Maji yako hayana kasoro, dada. Chumba kina joto la watu. Mko wengi. Inabidi mmoja ahame."

"Ahamie wapi? Hapa ndipo kwetu!"

"Mtachagua wenyewe. Nitarudi Ijumaa."

Alipoondoka, mume wa Mwanakombo aliinama akawa anatazama samaki. Mama mkwe, Bi Shemsa, akainuka polepole, akaanza kukunja mkeka wake. Mwanakombo alifungua kinywa amwambie, "Kaa, mama." Akajisikia anauliza kama amsaidie kubeba mto.